Shimo la Makumbi la Bi Mize

Kulikuwa na wakati bahari ilifika magotini. Kati ya bara na kisiwa chetu cha Shangwi watu walivuka kwa miguu, viatu mkononi, nguo zimekunjwa, wakizungumza habari za ndoa na magonjwa, na aliyechoka alisimama katikati ya maji akapumzika. Hakuna aliyekuwa na chombo, kwa sababu hakuna aliyejua chombo ni cha nini. Samaki nao walikuwa wadogo na bapa, maana maji hayakuwaruhusu kuwa vinginevyo.

Shangwi yenyewe haikuwa na kilima hata kimoja. Ilikuwa tambarare kama ungo, mchanga mtupu, na ukisimama upande mmoja ulimwona anayepika upande wa pili na ukajua anapika nini. Vilima mnavyoviona leo, mawe meusi yanayochoma nyayo, na kile kilindi cha upande wa machweo ambacho kamba ya nanga haijapata kukimaliza, vyote vilitokea siku moja, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Najua mmezoea kuambiwa kwamba mambo makubwa huchukua muda mrefu. Lililochukua muda mrefu ni kikao cha baraza.

Maana baraza lilikuwapo. Sheha wa Shangwi, Bwana Vuai, alikuwa na muhuri kabla kisiwa hakijapata karatasi, akawa anaupiga kwenye majani ya mgomba. Alikuwa na kanuni arobaini na mbili za kuingia kisiwani, ingawa njia ya kuingilia ilikuwa bahari nzima. Ukingoni mwa maji alimweka karani wake, Mtumweni, na kitabu cha majani hayohayo, akague magoti ya wanaofika. Aliyelowa juu ya goti aliandikwa msafiri. Aliyelowa chini ya goti aliandikwa mtembezi. Watu wafupi, ambao daima walikuwa wasafiri hata wakitoka kuoga, walijifunza kutembea kwa ncha za vidole, na mambo yakaenda.

Sasa, katika kisiwa hicho aliishi mjane mmoja, Bi Mize, aliyekuwa akisokota kamba. Kazi yake ilikuwa ya makumbi: unachukua makumbi ya nazi, unayafukia kwenye mashimo ya tope baharini, unayaacha miezi kadhaa yaoze yalainike, kisha unayafukua, unayaponda kwa gongo, na zile nyuzi zake unazisokota. Mashimo ya Bi Mize yalikuwa upande wa machweo, unaoelekea bara, mbali kidogo na ufuko, na kamba zake zilifunga mbuzi wa kisiwa kizima.

Nyumba aliirithi kwa mama yake, naye mama aliirithi kwa mama yake, na pamoja na nyumba walirithishana mambo mawili. La kwanza, hodi ilijibiwa "Karibu" papo hapo. Ziko nyumba, hata leo, ambazo ukipiga hodi unaulizwa "Nani?" Kwa kina Bi Mize kuuliza hivyo ilikuwa sawa na kumpima mtu kwanza kama anastahili kivuli. La pili, hakuna mgeni aliyevuka kizingiti kile akaambiwa ondoka. Alikaa mpaka akaondoka mwenyewe, au akaoa.

Chini ya bara, ndani kabisa, aliishi Fukuto. Hakuwa mbaya, alikuwa na joto. Kila alipopanda mlimani kupunga upepo, mlima ulipasuka, na wenyeji wakamfukuza kwa ngoma na mashtaka. Alishazoea. Alijifunza kusema kwa sauti ya chini, kwani akiinua sauti vitu hupasuka, na alijifunza adabu zote za mgeni kwa kusikiliza kutoka chini ya sakafu za watu: kupiga hodi mara tatu, kungoja, kutoingia bila kukaribishwa. Ambacho hakukijua ni yanayofuata baada ya hapo, kwa sababu hakuwahi kufika huko.

Katika kuhamahama kwake akafika chini ya Shangwi, na asubuhi moja akapiga hodi chini ya nyumba ya Bi Mize.

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo kaupa mlango. Sauti aliyoisikia ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Akadhani ni jirani yake, Bi Shali, ambaye mafua yalikuwa yamemganda mwezi mzima.

"Karibu, mwaya!" akasema. "Pita ndani, mikono yangu ina nazi."

Sakafu ikavimba katikati kama chapati juu ya chuma, ikapasuka, na Fukuto akatoka ameinamisha kichwa asiguse makuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bi Mize, maana ulimi ulishatangulia. Ndipo akageuka. Mkeka ulikuwa ukiungua pembeni. "Wewe si Bi Shali."

"Hapana, mama. Mimi Fukuto. Kama nimekosea nyumba, nitarudi."

Hapo kisiwa kizima kingesalimika kwa neno moja. Bi Mize alilitafuta neno hilo mdomoni mwake asilipate. Halikuwahi kuwekwa humo.

"Hujakosea," akasema. "Kaa. Lakini si kwenye mkeka, mwanangu. Kaa kwenye jiwe."

Siku ya kwanza watu walifurahi. Visima vilitoa maji ya moto, na pweza walitoka mashimoni mwao wameshachemka. Waliosifu zaidi ni wavivu. Siku ya pili makuti yalianza kukauka yakiwa mtini, kuku wakawa wanataga mayai yaliyoiva, na mtu hakuweza kukaa chini kwa muda wa kumaliza salamu. Baraza likaitishwa, wajumbe wakakaa juu ya vigoda viwili viwili.

Karani Mtumweni ndiye aliyefungua. "Huyo mtu hayumo kitabuni," akasema. "Waliopita ukingoni nimewaandika wote. Huyu hakupita. Kwa hiyo hajafika."

"Hajafika, nami ninaungua hapa nilipokaa?" akauliza mzee mmoja.

"Kitabu hakisemi kwamba unaungua."

Walijadiliana toka asubuhi hadi alasiri. Wengine walisema Fukuto ni msafiri, wengine mtembezi, na mmoja akataka magoti yake yakaguliwe, lakini hakupatikana wa kuyasogelea. Mwishowe Bwana Vuai akatoa hukumu. Mgeni ni wa aliyemkaribisha. Kabla jua la siku ya nne halijachomoza, Fukuto awe nje ya mipaka ya Shangwi, na asirudi. Akionekana ndani ya mipaka baada ya hapo, Bi Mize atatoka naye, na nyumba itabomolewa mpaka kwenye msingi ili ufa uzibwe. Muhuri ukapigwa kwenye jani la mgomba, nalo likanyauka kabla halijasomwa.

Bi Mize alizaliwa katika nyumba ile, akazalia humo, na mumewe alitolewa humo kwenda kuzikwa. Kwingine asingejua hata kichwa akielekeze wapi wakati wa kulala.

"Nimtoe mimi, Bwana Sheha?"

"Wewe ndiye uliyemwingiza."

"Mimi nilisema karibu tu."

"Basi leo sema kinyume chake."

"Kinyume chake sikufunzwa, Bwana Sheha. Labda wewe unifunze. Nasikia kwenu hamna uhaba nacho."

Watu wakacheka, Sheha akakunja uso, na kikao kikaahirishwa.

Aliporudi alimkuta Fukuto ameketi juu ya jiwe lake, amekumbatia magoti ili awe mdogo. Alikuwa amesikia yote. Ardhi ndiyo masikio yake.

"Mama," akasema, "wakikutaka unifukuze, wewe nifukuze. Mimi nimezoea."

"Hata," Bi Mize akamkatiza. "Usingesema hivyo labda ningejaribu. Sasa umeniharibia kabisa."

Siku ya tatu ikafika, na siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Siku hizi watu husema hivyo kwa kejeli, kumwambia mtu amekaa sana. Zamani haikuwa kejeli. Jembe lilikuwa na maana kwamba umekwisha kuwa wa nyumbani, na kwamba kazi ya nyumba ile ni yako pia. Bi Mize alimpa Fukuto jembe la marehemu mumewe. Fukuto akalipokea kwa mikono miwili. Mpini ukawaka ukaisha palepale, akabaki na bamba mkononi, analitazama.

"Hakuna aliyewahi kunipa kitu cha kushika," akasema.

Shamba la Bi Mize lilikuwa kipande cha mchanga kilichobanana na minazi ya watu; kumwachia humo ingekuwa ni kutafuta kesi nyingine. Ndipo akakumbuka mashimo yake ya makumbi. Yalikuwa baharini, na mipaka ya Shangwi, kwa kanuni ya kumi na tisa, ilikomea maji yanapoanzia. Akamchukua Fukuto mpaka huko, maji yakifuka mvuke kila anapokanyaga, akamwonyesha mahali.

"Nichimbie shimo hapa."

"Kiasi gani, mama?"

"Wewe chimba tu mpaka nikuite chakula."

Kila kibarua wa Shangwi aliambiwa hivyo, na kila kibarua alielewa: unachimba kidogo, unasimama, unachungulia moshi wa jikoni, unauliza saa. Fukuto sehemu hiyo hakuisikia kutoka chini ya sakafu. Alichimba.

Alianza kwenye tope, tope likaisha. Akakuta mchanga wa kale, na chini yake chokaa ya makombe yaliyokufa zamani, tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyopangwa, na kila moja akalifunua kwa uangalifu. Kisha akafika kwenye mwamba. Hapo ndipo kazi ilipomnogea. Mwamba ulipoguswa na mkono wake uliyeyuka, na ulipoguswa na maji ukaganda, ukawa unatoka vipande vya mviringo, vyeusi, vimelaliana kama mito ya kitandani. Alichokichimba alikirusha nyuma ya bega bila kutazama. Kilichoangukia Shangwi ndivyo vilima hivi. Kilichoangukia mbali ndivyo visiwa vingine, na wenyeji wa huko wasiwadanganye kwamba wao walitangulia. Vipande vingine, kwa kuwa alikuwa akihema juu yake, vilijaa pumzi vikakataa kuzama. Ndiyo mawe yale mepesi yanayoelea mpaka ufukweni, mnayosugulia visigino.

Maji nayo yalilifuata shimo, maana maji hayajawahi kuona shimo yakalipita. Yalitoka pande zote za dunia kuja kuona.

Asubuhi hiyo Karani Mtumweni alikuwa njiani kupeleka barua bara, kuwauliza wakubwa: je, mgeni mwenye joto anaandikwa safu gani? Katikati ya njia akaona maji yamemfika kiunoni. Akasimama, akafungua kitabu. Hakukuwa na safu ya kiuno. Yalipofika kifuani akakimbilia bara, kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu, na alipogeuka akaiona Shangwi inasogea mbali polepole, kama mtu anayeaga bila kutaka kutazamwa. Shimo lilikuwa likiachanisha kingo zake. Mtumweni alibaki huko, akaoa huko. Barua aliifikisha. Jibu, tunaambiwa, linashughulikiwa.

Adhuhuri chakula kikaiva. Bi Mize alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi wa changu, akapakua sehemu ya mgeni kwenye sinia, akaifunika kwa kawa, akajitwika, akashuka pwani kumwita Fukuto. Njiani alilazimika kupanda kilima ambacho asubuhi hakikuwapo.

Ufukweni alikuta mji mzima umesimama. Maji ya magotini hayakuwapo tena. Mbele yao palikuwa na kilindi cha buluu iliyokaribia kuwa nyeusi, na mbali chini, chini mno, nukta moja nyekundu iliyokuwa ikiinuka na kuinama. Sheha Vuai akamzuia kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi na sinia, Bi Mize?"

"Namwita mgeni wangu ale."

"Ukimwita atapanda! Akipanda, na maji yote hayo yapo juu yake, Shangwi itabaki povu."

"Mgeni wangu ana njaa, Bwana Sheha."

"Mgeni wako ana kazi. Yuko nje ya mipaka, amri imetekelezwa, nyumba yako imepona. Dada yangu, nakusihi, iache ipone. Akirudi, wewe na yeye mtatoka pamoja, na safari hii sijui nitawatoa kuelekea wapi."

Kabla Bi Mize hajajibu, ardhi ikatikisika. Mara ya kwanza, wali ukateleza sinia zima. Mara ya pili, nazi zikaanguka. Mara ya tatu, watu wakashikana. Ya nne haikuja.

Wote walielewa. Fukuto alikuwa ameona jua limefika utosini, na kwa adabu aliyofunzwa alikuwa amepiga hodi kuuliza kama chakula tayari. Sasa anangoja.

"Nyamaza," Sheha akanong'ona. "Mwenyewe atadhani hakuna mtu."

Bi Mize alijua Fukuto asingedhani hivyo. Angedhani mama yake anaumwa, angekuja kumtazama. Na hata kama asingekuja, hodi ilikuwa haijawahi kuachwa hewani katika nyumba ile. Akijibu karibu, kisiwa kinazama. Akijibu chakula bado, anamdanganya mgeni juu ya chakula, huku mvuke wake unapenya kwenye kawa mbele ya macho yake.

Akalitua sinia mchangani. Akafunua.

"Kaa, Bwana Sheha. Kula."

"Mimi?"

"Aliyezuia mgeni asiitwe ndiye atakayekula sehemu yake. Ukiimaliza, cha mgeni hakipo. Kisipokuwapo itabidi nipike kingine. Na kingine hakijaiva."

Wazee walielewa kabla ya Sheha, jambo ambalo halikuwa geni. Wakamkalisha. Wali ulikuwa wa moto, mchuzi ulikuwa wa pilipili, na sehemu ya Fukuto ilipakuliwa kwa kipimo cha Fukuto. Bwana Vuai alikula na macho yakimtoka machozi.

"Kimenitosha," akasema katikati.

"Mgeni wangu asingesema hivyo," akajibu Bi Mize. "Malizia. Na huo uliogandia pembeni."

Punje ya mwisho ilipoingia kinywani, Bi Mize akasimama, akaelekea maji, akapaza sauti.

"Bado, mwanangu! Hakijaiva!"

Sauti ikapanda kutoka kule chini, ndogo, ya mtu anayejihadhari asipasue chochote.

"Haya, mama. Naendelea."

Ardhi ikatulia. Bi Mize hakuagana na mtu. Alirudi nyumbani akainjika chungu kingine siku ileile, ili alilolisema liwe kweli, akapunguza kuni mpaka moto ukawa mdogo kabisa, akakaa kando yake. Nyumba ilibaki yake mpaka alipokufa. Wapo wanaosema alikuwa akilia pale jikoni, na wapo wanaosema ulikuwa moshi. Jamvi la mgeni hakulikunja tena.

Na tangu siku hiyo bahari ya machweo ina kilindi, na chini ya kilindi kuna moto usiozimwa na maji, kwa sababu mwenye moto huo yuko kazini. Maji ya huko chini huchemka gizani na kutoa moshi mweusi usiofika juu. Bara na Shangwi huachana kila mwaka kwa kiasi ambacho ukucha wako hukua, kwani shimo bado linapanuliwa. Mara kwa mara ardhi hutikisika, si mara moja bali mara tatu mfululizo, na vikombe hugongana kabatini. Hapo Shangwi hatukimbii. Aliye karibu na mlango hugeukia machweo na kusema, "Bado, hakijaiva," na katika kila nyumba, ili usiwe uongo, kuna chungu juu ya moto mdogo.

Na kila Sheha mpya, kabla hajakabidhiwa muhuri, huketishwa ufukweni, akatengewa sinia zima la wali wa moto, akala peke yake mpaka akamaliza, sisi wote tumesimama. Wanaotutembelea hudhani tunamtukuza. Wengine hupiga picha. Sisi tunautazama mdomo wake tu, tukisikiliza chini ya nyayo zetu kama hodi itapigwa kabla sinia halijaisha, wala hakuna anayemwambia afanye haraka.